Ram Singh: mpinga ukoloni aliyewaripoti wafuasi wake

Januari 1872, huko Bhaini katika Punjab, jimbo la India lililotawaliwa na Waingereza, Baba Ram Singh alishindwa kuwatuliza baadhi ya wafuasi wake waliokuwa wamepandwa na hasira. Akawaarifu polisi kwamba watu hao hawamsikii tena. Siku chache baadaye wakauvamia mji wa Malerkotla. Kwa wanaomwita kiongozi huyu wa Masingasinga shujaa wa kupinga Waingereza, taarifa ile ni mwiba kooni.

Hata hivyo hoja yao si nyepesi. Jumuiya ya Wanamdhari aliyoianzisha mwaka 1857 ilivaa nguo nyeupe za kufumwa nyumbani na kuzipa kisogo mahakama, shule na posta za serikali. Barua zao zilipelekwa na matarishi wao wenyewe. Gandhi alipokuja kuifanya susia kuwa silaha ya India nzima, zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita.

Wengine husema alikuwa mrekebishaji wa dini tu: arusi zisizo na gharama, wajane kuolewa tena, watoto wa kike wasiuawe. Siasa, wanadai, alivishwa baadaye na wapigania uhuru. Tena wafuasi wake waliomwaga damu mwaka 1871 kule Amritsar na Raikot waliwaua wachinja ng'ombe, mnyama waliyemheshimu mno, raia Waislamu waliokuwa wakitafuta riziki. Hilo halina utetezi, na anayelificha anawadhulumu waliokufa.

Lakini mimi siioni taarifa ile kuwa usaliti. Upinzani wake ulikuwa wa kukataa, na wa kukataa huhitaji subira ya miaka. Uvamizi mmoja ungeweza kuuzika wote. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 17 Januari ofisa wa Kiingereza, Cowan, aliwafunga wafuasi 49 waliokamatwa kwenye midomo ya mizinga na kuwalipua, bila kesi. Kesho yake mkuu wake, Forsyth, akaidhinisha wengine 16. Cowan alifukuzwa kazi, Forsyth akahamishwa, basi.

Na Ram Singh, aliyetoa onyo? Alihamishiwa Rangoon, Burma, bila kufikishwa mahakamani, na kumbukumbu za serikali zinasema alifia uhamishoni mwaka 1885. Mhubiri wa arusi nafuu hapelekwi mbali hivyo. Serikali ilijua inachokiogopa, maana hata kutoka Burma barua zake ziliendelea kufika Punjab kwa siri, mikononi mwa wafuasi.