Nyuzi tisini za uongo

"Mtoto hataki kuvaa." Maneno matatu yanaandikwa kwenye faili, mama anapewa somo la uvumilivu, faili linafungwa. Hakuna aliyemvua mtoto soksi akaangalia ngozi. Jamani! Mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hata kusema "hapa panauma" hawezi, analia kila akivalishwa bresi, kile kifaa cha plastiki cha kushikilia wayo na kifundo, nasi tunamwita mkaidi.

Nasema hivi: kabla ya kumtafuta mkaidi nyumbani, mtafuteni karakana.

Bresi huharibikia mezani pa plasta, mguu unapofungwa bendeji ya plasta ili kuchukua umbo lake, plastiki haijaingia hata oveni. Kila anayechukua kipimo anataka kifundo kikae nyuzi 90, na ni sawa, mguu ukikubali. Sasa huyu mtoto kigimbi kimekaza, kisigino hakishuki. Fundi anaona bendeji inaanza kushika, anasukuma vidole juu kwa kiganja mpaka macho yake yaone mraba. Mraba umepatikana! Umepatikana wapi? Si kifundoni. Kisigino kiko juu palepale. Kilichokunjika ni katikati ya wayo, na upinde umeporomoka kwenda ndani. Weka kipimapembe kwenye ganda la plasta lililovuliwa mguuni, kitasoma 90, uridhike. Umetengeneza bresi ya mguu ambao haupo.

Ikivaliwa, kisigino hakifiki chini. Kila hatua mguu unapanda na kushuka ndani ya plastiki kama pistoni, na ngozi inasagwa nyuma ya kisigino na kwenye ule mfupa unaotokeza upande wa ndani wa wayo, chini na mbele ya kifundo. Mama anaambiwa akaze mkanda. Anakaza, sasa mkanda nao unakata. Na kigimbi ambacho bresi ililetwa ikinyooshe hakinyooki hata kidogo. Zinazonyooka ni kano za chini ya wayo, ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Njia sahihi haina siri. Kabla hujalowesha bendeji, mlaze mtoto, nyoosha goti lake, shika kisigino kikae katikati kisilale ndani wala nje, zuia katikati ya wayo isivunjike, ndipo upandishe wayo taratibu. Kifundo kinapogoma ndipo pembe yako. Usitegemee kipimo cha goti lililokunjwa peke yake, kwa sababu goti likikunjwa kigimbi hulegea na kukupa nyuzi ambazo mtoto akisimama atanyang'anywa. Ikiwa kimegoma nyuzi 8 kabla ya mraba, basi plasta ichukuliwe hapohapo, nyuzi 8 kabla ya mraba. Wakati wa kufunga bendeji kunja goti upendavyo, mikono ifanye kazi kwa nafasi, ila pembe usiibadilishe. Tofauti iliyobaki inajazwa kwa kabari ya EVA (povu gumu la soli za viatu) chini ya kisigino, nje ya bresi, mpaka mtoto akisimama na kiatu chake muundi uinamie mbele kidogo badala ya kusukumwa nyuma.

Kabari inaonekana mbaya? Ndiyo, inaonekana mbaya. Mzazi atauliza mbona mwanawe amepewa kiatu cha kisigino kirefu. Mweleze. Dakika tano za maelezo ni nafuu kuliko kidonda.

Kisha kuna mifupa. Alama za penseli ya wino kwenye vifundo viwili (mifupa inayotokeza ndani na nje ya kifundo), ule mfupa wa ndani ya wayo, mzizi wa kidole kidogo na kichwa cha mfupa mwembamba chini ya goti hazichorwi kwa urembo. Zinahamia kwenye ganda, kutoka ganda zinahamia kwenye umbo la plasta linalomiminwa ndani yake, na hapo kila moja inaongezewa plasta milimita 3 hadi 5 ili plastiki ipite bila kugusa mfupa. Fundi mwenye haraka anapitisha msasa umbo lote ling'ae, anafuta na alama, halafu anaongeza plasta kwa kukisia. Umbo linapendeza kama sanamu. Mtoto anachubuka.

Plastiki yenyewe ni polipropilini ya milimita 3 kwa mtoto mdogo, 4 au 5 kwa mtu mzima, oveni karibu nyuzi 180 za Selsiasi mpaka karatasi nzima ipate mwanga mmoja bila doa jeupe katikati. Ukiivuta kwa nguvu juu ya kisigino, inakonda palepale ambapo uzito wote utakaa. Hayo wengi wanayajua. Linalonikera ni kuivua ingali na joto. Plastiki hii inapopoa inasinyaa, na ikisinyaa bila umbo ndani yake hakuna kinachoizuia kujikunja itakavyo. Kingo zinaingia ndani, pembe ya kifundo inahama. Iache usiku kucha na pampu ya kunyonya hewa ikiwa imefanya kazi yake.

Najua jibu: mama ametoka mbali, ana nauli ya siku moja. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini anayerudishwa mara tatu kwa ajili ya marekebisho analipa nauli mara tatu. Plasta ichukuliwe asubuhi na mapema, plastiki ivutwe jioni, akabidhiwe kesho yake. Kulala usiku mmoja kunagharimu, ila kunagharimu mara moja.

Kingo sasa. Ukikata nyuma ya vifundo unapata bresi inayonesa, inayomfaa mtu ambaye mguu wake unaning'inia tu, bila kukaza. Ukikata mbele yake unapata ngumu, ya mguu unaovutana. Kumpa mwenye kigimbi kilichokaza ile inayonesa kwa sababu inaingia kirahisi kwenye raba ni kumdanganya. Juu, ukingo ukome sentimeta 2 hadi 3 chini ya kichwa cha mfupa mwembamba, kwani hapo inapita neva inayoinua wayo, na bresi inayoibana inaweza kuleta ugonjwa uleule iliokuja kuutibu. Na alama ya msumeno ikiachwa kwenye kona ya kifundo, ufa utaanzia hapo. Bresi ikipasuka, chunguza ukingo kwanza ndipo uulize uzito wa mtu.

Mkanda wa kifundo upite kwa mshazari, uvute kisigino nyuma na chini. Mkanda uliolala mlalo juu ya muundi hauzuii kitu.

Rangi na maua kwenye plastiki? Yawepo, watoto wanayapenda.

Wanaotibu mguu kifundo, yaani wayo uliopinda ndani tangu kuzaliwa, wametutangulia kwa jambo moja dogo. Bresi ya Steenbeek, iliyobuniwa Uganda kwa ngozi na chuma vinavyopatikana mtaani, ina tundu kisiginoni. Unachungulia: kisigino kimekaa au hakijakaa. Kwenye bresi ya plastiki ya mtoto mwenye kigimbi kigumu nasi tunaweza kutoboa tundu dogo mahali hapo, likalainishwa vizuri, ubishi ukaisha.

Kwa wazazi: siku ya kukabidhiwa msikubali kuondoka kabla mtoto hajavaa na kutembea nusu saa. Mvueni, muangalie. Wekundu mpana unaofifia ndani ya dakika 20 au 30 hauna neno. Wekundu wa duara dogo juu ya mfupa, unaobaki, ni kosa la bresi, na linarekebishwa siku hiyohiyo. Mkiambiwa sivyo, pakeni mfupa huo rangi ya mdomo, mvalisheni, mvueni. Plastiki itaonyesha yenyewe inapogusa.

Na wewe unayeshika faili, badala ya "hataki kuvaa" andika: wekundu upande gani, ukubwa gani, umedumu dakika ngapi, kisigino kimefika chini au la.