Upepo Hauishi, Sawa. Lakini Saa Mbili Usiku Upo?

Nikiambiwa umeme fulani ni endelevu, mimi huuliza swali la kishamba: saa mbili usiku, ugali uko jikoni na Kenya nzima imewasha taa, huo umeme upo?

Wanaokumbuka 2009 wanajua kwa nini nauliza. Mvua ilikosa, maji ya Masinga, bwawa la umeme la Mto Tana, yakashuka, tukaishi kwa mgao wa stima. Na ukame si tatizo la pekee. Tana huteremka na udongo wa mashamba ya milimani, udongo huo unatulia chini ya bwawa na kula nafasi ya maji. Kwa hiyo maisha ya bwawa yako mikononi mwa mkulima wa Murang'a: kama amekata matuta shambani mwake au hakukata. Hilo husahaulika tunapohesabu megawati.

Sola ni safi, lakini saa mbili usiku jua limeshalala, na betri za kuilisha nchi hatuna.

Upepo wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kwa upande wake, si wa kubahatisha. Kuna mitambo 365, jumla megawati 310. Ila ilikuwa imeshajengwa 2017, ikakaa bure ikingoja laini ya umeme ya kilomita 428 hadi kituo cha Suswa, ambayo iliwashwa 2018. Gharama ya kungoja ikaangukia umma. Kisha Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha sheria. Ardhi ya malisho ya jamii nayo ni rasilimali. Inaweza kuisha hata upepo ukivuma milele.

Kura yangu naipa mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, unaotolewa kwa visima kwenye joto la ardhini. Unazalisha umeme tangu 1981, haujali mvua wala jua. Nao una masharti yake: usiporudisha maji ardhini, presha ya visima hushuka. Na familia za Wamaasai zilizohamishwa 2014 zina ya kusema kuhusu neno "safi".

Kinachoniudhi ni hiki. Usiku wa manane matumizi hushuka, na huo ndio wakati upepo wa Turkana unavuma kwa nguvu. Umeme wa upepo tumefunga mkataba wa kuulipia tuutumie tusiutumie, basi unapewa njia, na mvuke wa Olkaria unaachiliwa upande angani. Tumechimba visima vya mamilioni ya shilingi ili tupashe mawingu joto!

Viwanda viliwekewa bei nafuu ya usiku tangu Desemba 2017. Sisi wa majumbani, bei ni ile ile mchana na usiku. Jirani yangu hukaanga mandazi ya kuuza kuanzia saa kumi alfajiri, saa ile ile mvuke unapopotea. Nilimuuliza kwa nini hatumii jiko la stima. Alicheka, akaongeza makaa.