Run sio kukimbia tu jamani

Hili la kukaririsha watoto msamiati mimi limenichosha na leo naliongea. Nafundisha tuisheni madogo wa fomu wani hapa Mbeya, na daftari nyingi ninazofungua zimepigwa mstari katikati, kushoto Kiingereza kulia Kiswahili, run = kukimbia, basi, neno limeisha.

Haya, akikuta kwenye jiografia the river runs south ataotea, maana Kiwira anaujua unavyoteremka toka Rungwe kwenda Ziwa Nyasa. Ila kwenye somo la biashara anakuta mama anarun duka, kwenye uraia mtu anarun for president kumbe anagombea, kwenye kompyuta programu inarun, nyumbani sukari imeisha nayo eti run out, na treni ya TAZARA inarun Dar mpaka Kapiri Mposhi hata kama muda huo imesimama tu stesheni hapa Mbeya, kwa sababu hapo wanamaanisha inafanya safari za njia hiyo. Nani kakimbia hapo?

Wenye kamusi ya Oxford wenyewe walihenya. Kwenye toleo la 1989 neno lililoongoza kwa urefu wa maelezo lilikuwa set, lina maana kama 430 hivi, halafu walipokuja kuipitia upya run ikalipita, mhariri Peter Gilliver alikaa nayo miezi 9 akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake. Mtaalamu miezi 9, sisi dogo wa Uyole tunampa mstari mmoja!

Na uwezo wanao, hilo ndo linaniuma. Mtoto kwao wanaongea Kisafwa au Kinyakyusa, Kiswahili kakikuta mtaani na shule, lakini anapiga simu, anapiga pasi, anapiga mswaki, anapiga deki, anapiga chafya na hachanganyi hata siku moja, maana piga kaipata ndani ya maneno mengine, hakuna aliyemwandikia piga = chapa.

Kwangu daftari la mstari katikati nimelipiga marufuku, neno jipya linaingia na sentensi zake tatu za masomo tofauti. Mzazi akilalamika mbona mwanangu anaandika maneno machache namwambia achague lolote hapo amuulize, aone kama hatamtungia sentensi.