Nimepanda mabasi mawili kwenda kurekodi kimya

Jumamosi iliyopita mwalimu wetu wa vipindi vya redio alinirudisha nyumbani kwa mzee mmoja fundi saa. Mabasi mawili, mvua ya Glasgow ile isiyokata, eti kwa sababu sikurekodi kimya. Mahojiano ya saa nzima ninayo, tena matamu, yeye anataka dakika moja ya chumba bila mtu kusema! Mzee wala hakushangaa. Akazima redio, tukakaa tunatazamana, friji inanguruma.

Nilikereka mpaka nilipokaa kuhariri. Nikakata kikohozi katikati ya sentensi, pakabaki shimo. Sikio hulinasa papo hapo, maana hakuna chumba kilicho kimya kabisa, kila kimoja kina mvumo wake. Nikaziba kwa kipande cha friji ya mzee. Huwezi kujua.

Nikakumbuka kituo nilichofanyia kazi Morogoro. Mama kasombewa nyumba na mafuriko, anasimulia, anafika mahali sauti inamkatika. Nikaacha sekunde nne. Bosi akapachika kinanda chini yake na jingo, kile kijiwimbo cha kutambulisha kituo, juu yake. "Tukinyamaza, watu watajua umeme umekatika." Na hakukosea, ndiyo inayoniuma.

Najua mtakavyosema: kaona theluji mara mbili, keshatuletea somo la kunyamaza. Hapana jamani. Mwalimu wetu hutamba na kipindi cha BBC cha 1958 kuhusu dereva wa treni John Axon, kilichotumia sauti za wafanyakazi wenzake badala ya waigizaji. Kizuri, sikatai. Lakini nilimsikilizisha kanda ya dansi ya RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima imerekodiwa kwa mkupuo, gitaa la besi unalisikia linatembea, akakosa la kusema. Masikio tulikuwa nayo! Na wewe unayejiandaa kuniuliza kipindi cha masimulizi cha dakika 28 atakidhamini nani, sina jibu, na unajua sina. Ila sekunde nne, ndugu yangu? Nazo zinataka mdhamini?

Juzi nikamwomba mdogo wangu anirekodie sebule ya mama kwa simu, dakika moja tu, mtu asiseme kitu. Kanitumia sekunde 19. Jogoo, muuza samaki anapita na baiskeli, singeli ya jirani, halafu mama kwa mbali: "Mwambie kaka yako tumeshanyamaza, sasa atume hela ya luku."