Jedwali la SN1 na SN2 lisubiri kwanza

Wanafunzi wa kidato cha sita wanaokuja tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, wanalijua kwa moyo jedwali la SN1 na SN2, njia mbili ambazo atomu kama klorini huondoka kwenye kaboni na chembe nyingine kuchukua nafasi yake: SN1 hatua mbili, SN2 hatua moja. Ukiwauliza kwa nini, kimya. Mimi naona jedwali hilo lisiandikwe ubaoni mpaka kijana aone kasi ya mmenyuko kwa macho yake.

Chukua testi tyubu tatu zenye ethanoli kidogo. Tia matone ya klorobyutani (yenye klorini) kwenye moja, bromobyutani (yenye bromini) kwenye ya pili, iodobyutani (yenye iodini) kwenye ya tatu. Zisimamishe kwenye bakuli la maji ya moto, kisha ongeza nitrati ya fedha iliyoyeyushwa majini; fedha hiyo hufanya mashapo, yaani chembe zisizoyeyuka, na klorini, bromini au iodini iliyokwisha kuachia kaboni. Ya iodini inatangulia kuchafuka, njano. Ya bromini inafuata na mashapo meupe yaliyofifia kuelekea unjano. Ya klorini inachelewa mno kupata weupe wake. Hapo darasa linaanza kubishana, maana wengi walitegemea klorini iongoze: si ndiyo inayovuta elektroni zaidi? Lakini kuivunja bondi ya kaboni na klorini kunahitaji takriban kilojuli 340 kwa moli, ya bromini 280 hivi, ya iodini 240 hivi. Iliyo dhaifu ndiyo inayoachia mapema. Aliyebishania jambo hili hana haja ya kulikariri.

Sasa leta ya nne, 2-kloro-2-methilipropani. Klorini ni ileile, ila mashapo yanatokea upesi. Kaboni yake imezungukwa na vikundi vitatu vya methili, ambavyo vinaituliza chaji chanya pindi klorini inapoondoka yenyewe. Vikundi hivyohivyo vinaziba njia ya nyuma, ambayo mshambuliaji wa SN2, yaani chembe inayokuja kuchukua nafasi ya klorini, lazima aipitie.

Wanakemia Christopher Ingold na Edward Hughes, wakiwa London miaka ya 1930, nao walianzia kwenye kasi. Waliona kuna mimenyuko ambayo ukiongeza hidroksidi, ambayo ndiyo mshambuliaji, haiendi haraka zaidi, wakahoji sababu. Majina SN1 na SN2 yalitokana na vipimo hivyo: 1 na 2 ni idadi ya chembe zinazoamua kasi, si idadi ya hatua. Sisi tunawapa vijana majina na kuwanyima vipimo.

Nitrati ya fedha ni ghali, nakubali. Lakini hapa yanatumika matone tu, na mwalimu akionyesha mara moja mbele ya darasa inatosha. Muda upo pia: vipindi vinavyoishia kunakili jedwali, kimoja kiwe cha jaribio hili, kinachofuata kiwe cha kuchora mishale ya elektroni.