Ukomo wa ubunge hautamgusa mjumbe
Kuna mwandishi anadai tukimwekea mbunge ukomo wa mihula miwili, kama Rais wa Tanzania alivyowekewa kwenye Katiba tangu 1984, tutapata watu wapya wenye uchungu na jimbo. Wapya tutawapata, hilo sibishi. Ila California, huko Marekani, walishajaribu: kura ya 1990 iliwapa wabunge wa bunge la chini la jimbo miaka 6 tu na maseneta 8, na lawama ikawa kwamba mtu anaondoka ndiyo kwanza ameanza kuielewa bajeti, huku watumishi wa kudumu na washawishi wa makampuni wakibaki palepale kumpokea mgeni mwingine. Mwaka 2012 wapiga kura walewale wakalegeza, ikawa miaka 12 kwa jumla, hata yote katika bunge moja. Sasa turudi kwetu kwenye korosho. Juni 2018, zile asilimia 65 za ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ambazo sheria ilitaka zirudi kuendeleza zao, zilihamishiwa mfuko mkuu wa Serikali. Wabunge wa Mtwara na Lindi walipiga kelele kweli, wakazidiwa kura. Mgeni wa mwaka wa kwanza angejua hata kifungu cha kukishikilia? Mbunge mzembe anakaa miaka kwa sababu ya kura za maoni za chama, anakopitishwa na wajumbe wa chama (na bahasha za hongo, tusidanganyane), na huko ukomo haufiki. Ndugu zangu wa Tandahimba na Nachingwea, mbunge wenu wa mwisho kung'oka aling'olewa na wapiga kura au na wajumbe?