Slowdive wanamuuzia nani ukale?

Kila bendi ya zamani ikirudi studio, hawakosekani wa kusema ni njaa tu, wanauza ukale. Mara nyingine wanasema kweli. Pixies, bendi ya Marekani, walirudi jukwaani 2004, wakazunguka dunia miaka kumi kwa nyimbo zilezile kabla ya kutoa albamu mpya 2014, na Kim Deal, mpiga besi wao, alikuwa ameshaondoka. Aliyenusa pesa pale hakuota.

Lakini shutuma hiyo ikihamia kwa Slowdive, bendi ya magitaa ya Reading, Uingereza, mimi huuliza: huo ukale anauziwa nani? Albamu yao ya kwanza, 1991, ilifika namba 32 kwenye chati ya Uingereza. Souvlaki ya 1993 ikaishia 51. Magazeti ya muziki yaliwasimanga, na Richey Edwards wa bendi ya Manic Street Preachers akasema anawachukia kuliko Hitler. Mwaka 1995 wakatoa Pygmalion, na kampuni iliyotoa rekodi zao, Creation, ambayo tayari ilikuwa na bendi ya Oasis mkononi, ikawatema. Enzi gani ya dhahabu hapo ya kurudishiwa watu?

Kisha kimya cha miaka 22 bila albamu. Albamu ya 2017: namba 16. Everything Is Alive ya 2023: namba 6. Zipange upya: 32, 51, kimya, 16, 6. Bendi inayoishi kwa kumbukumbu ngazi yake huteremka; hii imepanda, tena wakiwa hawapo. Na mbele ya jukwaa lao leo wamejaa vijana ambao 1995 hawakuwa wamezaliwa. Hao wanakumbuka nini?

Hoja nzito zaidi ni kwamba hawakubadilika: magitaa yaliyozama kwenye mwangwi, waimbaji wao Halstead na Goswell wakiimba kama watu wa chumba cha pili. Kwa Star Roving, wimbo wa albamu ya 2017, nakubali, ungeuchomeka 1993 na asishtuke mtu. Ila vumilia hadi Falling Ashes, unaofunga albamu hiyohiyo. Noti chache za piano zinazunguka palepale kwa dakika nane, magitaa yamekaa kando kama wageni msibani. Mwendo huo mtupu ni wa Pygmalion, albamu ileile iliyowafukuzisha kazi. Walikuwa na kila sababu ya kuukwepa, na ndio waliouchagua uwe neno la mwisho.